Mshenga alipoonyesha ile video

Jumapili, Agosti. Area D, Dodoma.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Sijaenda kanisani. Mama amekwenda na kurudi, amebadilisha nguo, sasa yuko jikoni anachambua mchele. Mimi nipo barazani na kompyuta, goti la kulia nimeliwekea mto, na kichwani nina mambo ambayo nikiyaacha yalale yatachacha.

Jana tulikwenda Gulwe kupeleka posa yangu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza, niseme mimi ni nani, maana bila hilo ya jana hayaeleweki. Nilizaliwa hapa hapa Dodoma. Nilipokuwa darasa la kwanza baba alipata nafasi ya kusomea mambo ya udongo Kanada, akatuchukua mimi na mama, na alipomaliza masomo akapata kazi huko. Tukabaki. Mji wetu ulikuwa wa wakulima wa ngano, tambarare tupu, na baridi yake ilikuwa ya kugandisha kope. Watoto wa pale hawakuwa na kiwanja cha vumbi cha kukimbilia baada ya shule, walikuwa na barafu. Nikajifunza kuteleza juu ya barafu kwa sababu nisingepata marafiki kwa njia nyingine.

Hoki ya barafuni ni mpira wa magongo, ila wachezaji wanavaa viatu vyenye bapa la chuma chini, na badala ya mpira kuna kisahani cheusi kigumu ambacho kikikupiga mdomoni unaacha meno uwanjani. Mimi yangu mawili niliyaacha. Niliucheza mchezo huo kwa mshahara mpaka nilipostaafu, katika umri ambao wenzangu wa ofisini ndiyo kwanza wanaanza kupata vyeo. Sikucheza ile ligi kubwa ya kwenye televisheni. Nilicheza zile za chini yake, za kusafiri kwa basi na kulala hoteli za kando ya barabara, leo mji huu, kesho mji ule, huku watu majukwaani wakiniimbia mambo kuhusu rangi yangu ambayo siyaandiki hapa.

Na kazi yangu, nikiisema bila kuipamba, ilikuwa kupigana.

Najua inavyosikika. Katika mchezo huo wachezaji wawili wakikubaliana wanaweza kutupa magongo na glavu wakapigana ngumi, na waamuzi wanakaa pembeni mpaka mmoja aanguke. Baada ya hapo wote wawili wanapelekwa kwenye kibanda cha adhabu kwa dakika chache, kisha mchezo unaendelea. Kila timu ilikuwa na mtu wake wa shughuli hiyo. Mshambuliaji wetu mdogo akichezewa rafu mbaya, mimi ndiye niliyekwenda kuulizia. Kufunga nilifunga mara chache sana. Watu hawakunilipa nifunge.

Baba alipofariki mama alirudi nyumbani, na nilipoacha kucheza nikamfuata. Sasa nina shamba la zabibu Hombolo. Mwaka huu zimekubali, tunakaribia kuvuna, na ni kwa ajili ya zabibu hizo nilikutana na Tabitha. Ana duka la pembejeo hapa mjini. Nilikwenda kununua salfa ya ukungu, nikauliza swali moja, akanipa somo zima, nikarudi wiki iliyofuata kununua salfa ambayo sikuihitaji. Nina salfa nyingi sana stoo.

Kwa hiyo ndoa. Mimi ni mtu mzima, yeye ni mtu mzima, tungeweza kumaliza wenyewe. Lakini Tabitha aliniambia mapema kabisa kwamba bila ridhaa ya kwao haolewi, na akaniambia sababu. Dada yake mkubwa, Salome, aliolewa na mwanaume aliyekuwa akimpiga. Alirudi nyumbani Gulwe mkono ukiwa umevunjika, na mpaka leo vidole viwili havifungi sawasawa. Mzee Chibago, baba yao, fundi mstaafu wa reli, aliapa kwamba hatakosea tena. Hilo ndilo lililokuwa mezani jana. Hawakuwa na shida na elimu yangu wala shamba langu. Walitaka kujua jambo moja tu.

Sasa, kwa kawaida mwoaji haendi siku ya posa. Mshenga ndiye mdomo wake. Ila mzee Chibago alituma neno kwamba wanataka na mimi niwepo wanione, mradi nikae kimya kama ilivyo desturi. Nikasema sawa. Kukaa kimya naweza.

Kosa langu lilikuwa mshenga.

Baba mdogo Ndahani ananunua na kuuza ng'ombe. Minada yote anaijua, Chemba anakwenda kama anakwenda sebuleni kwake, na mdomo wake umemlisha na kumsomeshea watoto. Nani mwingine ningemtuma? Alivaa koti, akachukua fimbo yake, tukamchukua na shangazi mmoja, tukaondoka asubuhi. Njia nzima alikuwa ananiambia nitulie, kazi hii ni nyepesi kwake.

Tulipokelewa vizuri. Salamu za Kigogo, mbukwenyi, mbukwenyi, shikamoo nyingi, soda. Sebule ilikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma kwenye kila kiti. Mzee Chibago alikaa karibu na dirisha. Mama yake Tabitha na wanawake wengine walikaa kwenye mkeka, na Salome alikuwa anaingia na kutoka kwa sababu ndiye aliyekuwa anasimamia chakula. Tabitha mwenyewe sikumwona, aliwekwa ndani.

Baba mdogo akasimama. Akausifia ukoo wetu, akamsifia marehemu baba, akalisifia shamba. Mpaka hapo nilikuwa najivunia. Halafu mzee Chibago akauliza kwa upole hiyo kazi niliyofanya ughaibuni ilikuwa kazi gani, maana binti yake amewaeleza wakashindwa kuelewa.

Hapo baba mdogo akaanza kuninadi.

Sisemi kwa utani. Ile sauti ninaijua, nimewahi kuisikia mnadani. "Mzee wangu, ninyi hamjaletewa kijana. Mmeletewa dume! Hebu angalieni bega hilo. Wazungu wenyewe, pamoja na ubavu wao wote, walikuwa wanamkimbia." Kisha akaingiza mkono kwenye koti akatoa simu.

Sikujua kama anayo ile video. Kuna mtu alinirekodi miaka ile nikipigana na jamaa mmoja mrefu kutoka timu ya mji wa jirani. Ilikuwa ngumi mbaya. Yeye alinishika jezi, mimi nikampata puani, na barafu ni nyeupe, kwa hiyo damu kidogo inaonekana kama umechinja. Baba mdogo alikuwa ameihifadhi kwenye simu kwa ajili ya siku hii. Kwake yeye ile ni sifa. Dume linalopigana bei yake inapanda.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Nikasikia kelele za mashabiki wa mji ule wa mbali zikitoka kwenye spika ndogo, katika sebule ya Gulwe, na nikaona nyuso zikibadilika moja baada ya nyingine. Salome alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. Mtu akampa simu. Aliangalia mpaka mwisho, akairudisha.

Nilijisikia vibaya sana. Si aibu, kwa sababu kazi ile niliifanya kwa uaminifu na siionei aibu. Ilikuwa ni ile hali ya kuona mambo yako yanasimuliwa na mtu mwingine, na wewe umeahidi kunyamaza.

Mzee Chibago akamgeukia baba mdogo. "Mshenga, hebu muulize kijana wako. Alipokuwa anawapiga hao watu, alikuwa na hasira nao?"

Nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka kwake, alikuwa ananiona, lakini utaratibu ni utaratibu. Baba mdogo akainama, nikamnong'oneza: "Mwambie sikuwa na hasira. Ilikuwa kazi."

Baba mdogo akanyooka, akakohoa. "Anasema, mzee, alikuwa na hasira ya simba. Ila kwa adui tu!"

Mama yake Tabitha akainamisha macho.

Nikavunja utaratibu. Nilisimama, nikasema naomba radhi wazee wangu, sikusema hivyo. Nikasema sikuwa na hasira na mtu hata mmoja, kocha alikuwa ananigusa bega naingia, na mara nyingi yule niliyepigana naye tulikutana baada ya mechi tukanywa soda pamoja. Nilidhani nimerekebisha mambo. Nilidhani mtu asiye na hasira ndiye wanayemtafuta.

Ni Salome aliyejibu, pale pale mlangoni.

"Na wangu hakuwa na hasira," alisema. "Alikuwa anaweka sahani chini, ananipiga, ananawa mikono, anaendelea kula."

Simu ilikuwa bado mikononi mwa mtu na video imeanza upya, mashabiki wanashangilia. Mtu huyo akaizima.

Nimefikiria sana tangu jana ni nini mtu anapaswa kumjibu mwanamke aliyesema maneno hayo mbele ya baba yake. Jana nilisema kile pekee nilichokuwa nacho. Nilimwambia, "Dada, kule tulikuwa tunaulizana kwanza. Unamfuata mtu, unamuuliza kama yuko tayari. Akisema hapana, humgusi. Ukimgusa umejiharibia jina kwa wote, hata kwa timu yako."

"Na wewe uliwahi kusema hapana?"

Swali hilo hakuna mwandishi wa habari aliyewahi kuniuliza.

Nikamwambia niliwahi, mara moja, na ndiyo iliyokuwa mechi yangu ya mwisho. Kijana mmoja alikuwa amepandishwa kutoka timu ya chini, anatafuta jina, na njia ya haraka ya kutafuta jina ni kumpiga mzee kama mimi. Akanifuata mapema tu mchezo ulipoanza, akaniuliza kama niko tayari. Mimi kwa wiki kadhaa nilikuwa siwezi kuangalia taa bila kichwa kuuma. Nilikuwa nasahau majina ya wenzangu niliokaa nao chumba kimoja. Nikamwangalia yule kijana nikamwambia hapana, leo sitaki. Alishangaa, akaondoka. Uwanja mzima ukanizomea, wa kwetu na wa kwao. Kocha hakunigusa bega tena, na msimu ulipokwisha hakuna aliyenipigia simu.

"Kwa nini ulikataa?" Salome aliuliza.

"Niliogopa."

Baba mdogo alifumba macho. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye dume lake limelala chini katikati ya mnada.

"Ulimwogopa yule kijana?"

"Hapana. Nilikiogopa kichwa changu. Nilihofia ngumi moja zaidi ingenifanya mtu mwingine."

Salome alizunguka na jagi akatunawisha, kuanzia kwa baba yake, akaja kwa baba mdogo, akaja kwangu. Niliviona vile vidole viwili. Tukala ugali wa uwele, mlenda na kuku, na watu wakazungumzia mvua. Mwishoni mzee Chibago akasema tumesikika, majibu yatakuja. Hilo ndilo neno la kawaida, huwezi kulipima.

Kwenye gari baba mdogo alininunia mpaka tukaipita Kongwa. Halafu akalipuka. "Mimi ndiye mdomo wako. Umewahi kuona ng'ombe anajinadi mwenyewe? Tena anajinadi kwa kusema anaumwa!" Shangazi akacheka hadi akajifuta machozi kwa khanga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu kwamba nimempoteza Tabitha, na nilikuwa najaribu kuizoea hiyo hesabu kabla hatujafika nyumbani.

Ninampenda. Nimeandika hapa mambo ya magoti, ya mabasi, ya zabibu, na hilo sijawahi kuliandika. Basi leo nimeliandika.

Tabitha amepiga simu mchana huu, baada ya ibada. Baba yake amekubali. Mama yake amekubali. Ila wote wawili wamesema neno la mwisho ni la Salome, na Salome hajakubali wala hajakataa. Amesema atakuja Area D. Atakaa hapa nyumbani kwa mama wiki nzima, anafika Alhamisi, na hataki kupikiwa vya wageni. Anataka kuniona nikiwa nimekasirika.

Tabitha alikuwa anacheka akiniambia hivyo. Kisha akaacha kucheka. "Dada anasema wa kwake walimwona siku moja tu," alisema. "Na siku hiyo alikuwa amevaa suti."

Nikamwambia aje.

Baba mdogo naye ameshapata habari, sijui kwa njia gani. Amepiga simu akisema hiyo ni dharau. Mwanamke kuja kumkagua mwoaji kwao, tena kulala! Wapi niliwahi kuona? Nikamwambia sijawahi kuona, lakini aje. Akakata simu. Atarudi tu, harusi yenye nyama haimpiti.

Nilipoweka simu chini ndipo nilipogundua kitu cha ajabu. Sijui nikikasirika ninakuwaje.

Nasema kweli. Nimepiga wanaume wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na hasira haikuwemo. Nje ya barafu niliishi peke yangu, hoteli na basi, na mtu anayeishi peke yake hana wa kumkasirikia zaidi ya birika. Shambani pampu ikiharibika natembea kati ya mistari ya mizabibu mpaka nitulie. Lakini huyo ni mimi ninayejieleza. Hakuna shahidi. Salome ana haki kabisa ya kuja kuangalia mwenyewe, na huenda akaona kitu ambacho mimi sikijui. Hilo linanitisha kidogo. Sitajifanya mpole wiki hiyo. Nimeamua hivyo. Pampu ikiharibika, aone.

Nikaenda jikoni kumwambia mama kwamba tutakuwa na mgeni, na kwa nini anakuja. Nilitegemea akasirike. Mama ni mtu wa heshima zake, na mgeni wa kuja kumpekua mwanawe ndani ya nyumba yake nilidhani atamwona mkosefu wa adabu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtuliza.

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Mwache aje," alisema. "Natamani na mimi ningekuwa na dada wa kutangulia kwenda kumwangalia baba yako."

Akaendelea kuchambua mchele. Nilitaka kuuliza, nikashindwa, nikarudi barazani kuandika haya.

Sijawahi kumwona baba akiinua mkono. Lakini nyumbani nilikuwa naonekana saa ngapi? Kila jioni nilikuwa barafuni. Na mama ndiye aliyekuwa ananipeleka huko. Hata jioni ambazo mimi mwenyewe nilitaka kubaki ndani kwenye joto, alinivalisha makoti, akanipa begi, akaniambia nenda, na nisirudi mapema, nikale kwa kina rafiki yangu. Waandishi wa magazeti madogo ya kule waliponiuliza nani alinifanya mchezaji, siku zote niliwajibu kwamba ni mama yangu, aliupenda sana huu mchezo. Nimeshaandika hivyo hata kwenye blogu hii.

Mama hajui hata timu moja ina watu wangapi. Hakuwahi kuja kwenye mechi.

Nafunga kompyuta. Nakwenda jikoni kukaa naye, na safari hii nitauliza.